Saa ya Biro

SNEL walikata umeme saa moja jioni,
wakaurudisha saa tatu kasorobo, kwa kishindo,
na handaki letu la Dar es Salaam halikuamka.

Handaki, nasema, kwa kuwa sina neno lingine.
Baba alichimba mahandaki Kipushi, ya mawe na maji.
Hili langu halina udongo:
ni njia ya siri ndani ya njia ya watu wote,
karatasi za malori hupita humo zikiwa na kufuli,
na malori kumi na manne yako Kasumbalesa, shaba mgongoni,
madereva wamelala chini ya tela wakinisubiri mimi
bila kujua kama nipo.

Huku kwangu Windows. Kule kwa Shekalaghe, Linux.
Nampigia. "Jina lako nani tena?"
"Mujinga."
Kimya. Kisha kicheko anachojaribu kukimeza.
Namwambia, kaka, kwa Kiluba Mujinga ni mtoto
aliyezaliwa kitovu kimemzunguka shingo.
"Basi ulizaliwa na kebo," anasema,
na kazi inaanza.

Huku kwake kila kitu kiko sawa.
Huku kwangu pia kila kitu kiko sawa.
Sawa mbili, na katikati hakuna njia.

Nimechomoa waya, nimechomeka.
Nimebomoa ukuta wa moto, tofali moja moja, kisha wote.
Nimemsomea ufunguo herufi kwa herufi,
K kubwa, b ndogo, alama ya kujumlisha,
vocha ikaniishia katikati ya herufi,
nikanunua nyingine, naye akarudia
kama mtoto wa katekisimu.
Ulikuwa uleule.
Nimeilaumu mashine yake. Ameilaumu yangu.
Wote wawili tumewalaumu watu wa Lusaka.

Saa tano usiku ("Kwenu tano," anasema, "huku ni sita")
anasoma daftari la mashine yake, polepole:
"Dada, unabisha hodi. Nakusikia, kila sekunde tano.
Ila salamu yako kuukuu.
Mashine inasema: huyu nilishampa mkono leo jioni,
sasa ananijia na mkono wa zamani,
huenda ni mwizi aliyeokota salamu ya mtu njiani."

Nikaangalia pembe ya kioo, chini kulia,
mahali ambapo sikuangalia usiku kucha.
Tarehe mosi Januari, elfu mbili na kumi na tano.

Betri ya ndani, ile ndogo kama sarafu, imekufa.
Umeme ulipokatika mashine ikasahau miaka yote,
ikaamka kijana.
Na saa sahihi huwa inaiuliza Dar, kupitia handaki,
na handaki halifunguki bila saa sahihi.
Nilicheka peke yangu. Mlinzi akachungulia.

Elfu mbili na kumi na tano.
Mama yuko Katuba, anasonga bukari, moshi unamtoa machozi.
Numbi hajavuka kwenda Ndola, bado anapokea simu.
Mimi sijui handaki lingine ila la baba.
Nilikaa pale, sijui dakika ngapi;
saa ya biro haikuwa ya kuulizwa.
"Dada Mujinga? Upo?"
Nipo.

Mizani ya sampuli za malakiti ina betri ya namna ileile.
Niliipokonya.
Nikaandika mwaka, mwezi, siku,
Shekalaghe akinitajia dakika kutoka pwani,
mimi nikipunguza saa moja ya mpaka.

Mkono ukapokelewa.
Hakuna mlio; ni namba tu zilizoanza kupanda,
baiti mia, baiti elfu, kisha karatasi ya kwanza:
lori la Musonda, tani thelathini na mbili.

"Aksanti," nikasema.
"Asante," akanisahihisha, au akanijibu.

Nje, ule mlima mweusi wa masalia ya shaba
ulikuwa mahali pake.
Mezani nimeacha mizani imefumba jicho,
haijui uzito wa kitu chochote.